Maabara ya Durban Iliyosanua Dunia Kuhusu Omicron: Mashine Moja, Foleni ya Wasee Wengi

Kumbuka Novemba 2021. Watu walikuwa wameanza kupanga Disemba, maski imeshuka hadi kidevuni, kila msee mtaani anakuambia korona imeisha. Halafu Alhamisi tarehe 25, wanasayansi wa Afrika Kusini wakaketi mbele ya kamera pamoja na waziri wao wa afya, Joe Phaahla, wakasema wameona kirusi cha korona kimebadilika vibaya. Ile sehemu ambayo kirusi hutumia kushika seli zako ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30. Kesho yake WHO ikakipa jina: Omicron.

Usiku wa hiyo hiyo Alhamisi, Uingereza ikatangaza inasimamisha ndege za kutoka Afrika Kusini na majirani wake watano. Nchi zingine zikafuata mbio.

Risto ya ndege ndio ilishika. Risto ambayo ilipita bila watu kuisikia ni ya mashine. Kwani hawa wasee waliona aje hicho kirusi kabla ya nchi zilizo na ganji kuwashinda?

Jibu linaanza miaka minne nyuma, Durban. Mwaka wa 2017 Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilifungua kituo kinaitwa KRISP, kwenye shule yao ya udaktari yenye jina la Nelson Mandela. Wa kukiongoza akawa Tulio de Oliveira, mzaliwa wa Brazil aliyekuja Afrika Kusini akiwa kijana na akabaki. Maelezo ya kazi yao unaweza kuyaandika nyuma ya risiti: tuko na mashine za kusoma DNA, tuko na watu wanaojua kuzishika, leta sampuli yako. Uwe wa idara hii ama ile, uwe umetoka hospitali, uwe wa chuo kingine kabisa, njoo.

Najua. Habari ya chuo kufungua maabara ni ile unaipitisha na kidole ukitafuta nani ameachana na nani. Lakini kaa hapa kidogo, ju hii inakuguza kwa ugali, kwa damu, na hata kwa tiketi ya ndege.

Tuanze na kusoma DNA ni nini. Kila kitu kilicho hai kina maagizo ya kukijenga, na maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Maagizo yote yakiwekwa pamoja yanaitwa jenomu. Yako wewe ni herufi kama bilioni 3. Ya mahindi ni zaidi ya bilioni 2, kwa hivyo usijione sana. Ya kirusi cha korona ni kama 30,000 pekee, na hiyo imeandikwa kwa RNA, binamu wa DNA, ndio maana maabara hukigeuza kwanza kuwa DNA halafu mashine ikisome.

Shida ni kwamba mashine nyingi haziwezi kusoma kitu kirefu hivyo kwa mpigo. Sasa chukua nakala mia za gazeti la leo. Zirarue vipande vidogo vidogo, kama vile karatasi za mwenye kuuza njugu. Changanya zote kwa gunia. Halafu mwambie mtu apange gazeti zima upya kwa kuangalia maneno ya mwisho ya kipande hiki yanaingiana na ya mwanzo ya kipande gani. Binadamu atalia. Kompyuta haichoki. Mashine inasoma vipande, kompyuta inavipanga, na mwisho unapata gazeti lako, ukurasa kwa ukurasa. Ukilinganisha na gazeti la jana, unaona ni herufi gani imebadilika.

Sasa tuingie kwa pesa, ju hapo ndipo neno kushare linapata maana.

Jenomu ya kwanza ya binadamu ilisomwa kwa mradi ulioanza 1990 ukaisha 2003, na ulikuwa wa karibu dola bilioni 3. Saa hii bei imeshuka hadi inachekesha. Mwaka wa 2022 kampuni ya Illumina ya Marekani ilitoa mashine inaitwa NovaSeq X, ikasema inaweza kusoma jenomu ya mtu mmoja kwa dola 200. Fiti, si ndio? Lakini mashine yenyewe ilitangazwa kwa dola 985,000. Kwa reti ya shilingi 129, hiyo ni kama milioni 127. Na ile bei ya dola 200 ina sharti: mashine iwe imejaa.

Hapa mtu wa Nairobi haitaji kufundishwa. Mathree ya Rongai ikitoka steji na abiria mmoja, mafuta ni yale yale, dereva ni yule yule, na kanju hawatapunguza chao. Ndio maana konda anakufa na sauti kuita watu. Mashine ya kusoma DNA iko hivyo hivyo. Sampuli zinamwagwa juu ya kioo kidogo maalum, na hicho kioo kinatumika mara moja tu kisha kinatupwa. Uweke sampuli moja, uweke mia, kioo kimeenda. Ile NovaSeq X inabeba jenomu za watu kama 64 kwa safari moja ya kama siku mbili. Ukiwa na sampuli zako tano tu, wewe ndio yule amekodi basi zima aende Kitengela peke yake.

Na usiogope kwamba mizigo itachanganyika. Kabla sampuli hazijawekwa pamoja, kila moja hubandikwa kipande kifupi cha DNA cha kuitambulisha. Ni kama tiketi. Mashine inasoma kila kitu pamoja, halafu kompyuta inaangalia tiketi na kumrudishia kila mwenyewe chake.

Kwa hivyo piga picha chuo kimoja. Watu wa kilimo wana sampuli 20 za mahindi. Daktari wa kifua kikuu ana 30. Watu wa mifugo wana 40 za ng'ombe. Kila idara ikitafuta mfadhili wake na kununua mashine yake, chuo kitakuwa na mashine tatu nusu tupu, bili tatu za fundi na wakuu watatu wanaringiana. Wakikubali kupanda gari moja, linajaa na linatoka.

Lakini mashine ndio sehemu rahisi, na hapa niseme kitu. Mimi niliachia chuo njiani, sitaficha, na sayansi haikuwa hata kozi yangu. Lakini rafiki yangu kwa chuo kingine alikuwa anasomea mambo ya maabara, na siku moja alinionyesha kupitia dirisha mashine fulani imefunikwa na kitambaa cha meza, kile cha maua. Ililetwa na wafadhili, kulikuwa na sherehe, watu wakala. Aliyekuwa anaijua akapata kazi ng'ambo. Funguo iko na ofisi, ofisi inataka barua, barua inataka sahihi ya mtu ambaye yuko likizo. Rafiki yangu alimaliza kozi bila kuiona imewashwa hata siku moja.

Hiyo picha haijawahi kunitoka. Kwa hivyo nikisikia chuo kimezindua kituo, sishughuliki sana na jina la mashine. Nataka kujua nani analipwa kila mwezi kuishika. Nani ana mkataba wa fundi ikiharibika. Friji za kuweka sampuli huwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Stima ikipotea, jenereta inawaka yenyewe ama inangoja mlinzi? Wako wapi wale wa kukaa na kompyuta kupanga vipande, ju hao wa bioinfomatiki ni wachache na kampuni za nje zinawanyakua mapema? Na kubwa zaidi, foleni. Mwanafunzi wa masters kutoka chuo kidogo akileta sampuli zake leo, atapangwa kwa orodha ambayo kila mtu anaiona, ama profesa mwenye jina atamruka? Kituo cha wote chenye foleni ya siri ni cha mtu mmoja tu, mabango yaseme vile yanataka.

Kama bado unajiuliza inakuhusu nini, twende Bomet.

Septemba 2011 wakulima wa upande wa Longisa waliona mahindi yao yanafanya maajabu. Majani yanageuka manjano kuanzia kando, katikati ya mmea panakauka, na ukifungua gunzi hakuna punje za maana. Shamba lote. Wataalamu wa utafiti wa kilimo hapa Kenya, wakiongozwa na Anne Wangai, waliingia kazini na wenzao wa nje, na ikajulikana ni virusi viwili vimeungana: kimoja cha mahindi na kingine ambacho kimezoeleka kwa miwa. Kila kimoja kivyake ni shida ya kuvumilika. Vikikutana, ni msiba. Ugonjwa huo ukasambaa hadi Tanzania, Uganda, Rwanda na kuendelea.

Sasa sikia: mojawapo ya kazi zilizosoma jenomu za hivyo virusi ilifanywa na maabara ya serikali ya Uingereza, karibu na mji wa York. Mahindi ya Bomet yakasomewa York. Sisemi hao watu walikosea, walitusaidia sana. Nasema tu angalia umbali. Jani limekatwa Longisa, limepakiwa, limetafutiwa vibali, limepanda ndege, ndio tujue nini kinakula ugali wetu. Na wakati jani liko angani, ugonjwa haungoji. Unaenda shamba la jirani.

Na si ati Nairobi ilikuwa tupu. Pale Kabete, ndani ya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kuna kituo cha kushare cha sayansi ya viumbe kinachojulikana kama BecA, kilichofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2010. Watafiti wa Afrika Mashariki na Kati wamekuwa wakifika hapo na sampuli zao, wengine kwa ufadhili uliowaruhusu wakae miezi kadhaa wajifunze kusoma data yao wenyewe. Korona ilipokuja, ILRI ilikuwa kati ya maabara zilizosoma sampuli za Kenya, pamoja na KEMRI kule Kilifi. Umepita hapo kwa Naivasha Road mara ngapi ukidhani ni mahali pa ng'ombe tu?

Rudi Durban sasa, ujue kwa nini ile miaka mitatu kabla ya korona ilikuwa dhahabu. Janga lilipofika Machi 2020, KRISP haikuanza kutafuta mashine. Mashine ilikuwa imewaka kitambo, watu walikuwa wameshazoeana, na madaktari wa hospitali walishajua nani wa kupigia. Wakaungana na maabara zingine za nchi yao kuwa mtandao mmoja, sampuli zikawa zinatembea kutoka kliniki hadi mashine bila drama nyingi.

Mwishoni mwa 2020 wagonjwa walianza kuongezeka ghafla upande wa Nelson Mandela Bay, mkoa wa Eastern Cape, mahali ambapo wimbi la kwanza lilikuwa limeshapiga. Sampuli zikaletwa, zikasomwa, na karibu zote zikaonekana ni za ukoo mmoja ambao hawakuwa wameuona mbeleni. Tarehe 18 Disemba 2020 wakautangazia ulimwengu. Ndio baadaye uliitwa Beta. Lakini kabla ya hilo jina, magazeti ya nje yaliuita kirusi cha Afrika Kusini, miezi mizima, hadi WHO ilipoanza kutumia herufi za Kigiriki mwishoni mwa Mei 2021. Yaani umeona moto, umepiga nduru, na sasa moto umepewa jina lako.

Omicron ikawa ile ile lakini kwa spidi. Maabara moja ya vipimo iligundua kwamba kipimo cha kawaida cha korona, ambacho hutafuta alama tatu za kirusi, kinapata mbili na kukosa moja. Hiyo ni dalili kwamba kitu kimebadilika. Wakati huo huo, Botswana, timu ya Sikhulile Moyo ilikuwa imeona kirusi cha ajabu kwa sampuli zao. De Oliveira, ambaye kufikia hapo alikuwa pia anaongoza CERI, kituo kingine kilichoanzishwa mwaka huo katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, akaomba sampuli zaidi kutoka Gauteng. Zikasomwa kwa siku chache. Alhamisi wakaongea. Usiku ndege zikafungwa.

Siku tano baadaye, tarehe 30 Novemba, Uholanzi ikasema imeangalia tena sampuli zake za zamani na kupata Omicron kwa zile za tarehe 19 na 23. Unaelewa hapo? Ilikuwa imeshafika Ulaya kabla ya Afrika Kusini kufungua mdomo. Tofauti ni nani aliisoma kwanza. Uingereza iliongeza nchi hadi zikafika 11, Nigeria ikiwemo, kisha ikaziondoa zote tarehe 15 Disemba, kirusi kikiwa tayari kinatamba London bila pasipoti.

Kuna sehemu ya hii iliniuma kuliko zingine. Kemikali za kusomea DNA, na vile vioo vya kutupa, karibu vyote hutoka nje. Vinakuja na ndege. De Oliveira alionya wakati huo kwamba ndege zikiendelea kusimama, kemikali zitawaishia. Yaani waliotoa habari ndio walikuwa karibu kunyimwa kifaa cha kutolea habari.

Pamoja na hayo, gari halikusimama. Ripoti kubwa ya kwanza ya bara zima kuhusu jenomu za korona, iliyotoka 2021 kwenye jarida la Science, ilikuwa na jenomu 8,746 kutoka nchi 33. Ya 2022 ilikuwa imefika 100,000. Nyingi za nchi hizo hazikuwa zimewahi kusoma kirusi kwao. Zingine zilituma sampuli kwa jirani aliye na mashine hadi zilipojiweza. Na ile ya kwanza kabisa barani, Machi 2020, ilisomwa Nigeria, pia ndani ya chuo kikuu: kituo cha ACEGID cha Redeemer's University, mji wa Ede, chini ya Christian Happi. Angalia vizuri: tena ni chuo, tena ni mashine iliyokuwepo kabla ya shida.

Virusi ni upande mmoja. Upande mwingine ni wewe mwenyewe.

Mwaka wa 2020 mradi wa H3Africa ulichapisha kazi ya jenomu za watu 426 kutoka makabila 50 ya Afrika, na wakapata mahali zaidi ya milioni 3 ambapo herufi zinatofautiana kwa njia ambayo haikuwa imeandikwa popote. Watu 426 tu! Hao hawajazi hata ukumbi wa harusi ya Kisii. Dawa nyingi unazomeza zilipimwa kwa watu ambao DNA yao imesomwa sana, na hao si sisi.

Na ukitaka mfano wa nyumbani, uko Kilifi. Karibu mtoto mmoja kati ya kumi huko ana aina ya damu inaitwa Dantu, ambayo ni nadra sana sehemu nyingi za dunia. Hao watoto wana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Kazi ya Silvia Kariuki wa Kilifi na wenzake wa Uingereza, iliyotoka 2020, ilionyesha sababu: ngozi ya seli nyekundu imekazwa zaidi, kijidudu cha malaria kinasukuma kikishindwa kuingia. Fikiria msee anatengeneza dawa ya kukaza seli za wengine vivyo hivyo. Swali la kwanza litakuwa damu ilitoka kwa nani, na walikubali nini.

Hilo swali si la kuchokoza. Mwaka wa 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch kiliandikia taasisi moja kubwa ya Uingereza kikitaka sampuli za DNA za Waafrika zirudishwe, kwa madai kwamba zilikuwa zinatumiwa kutengeneza kifaa cha biashara bila ruhusa sahihi. Taasisi hiyo ilikana kosa. Lakini ukweli wa kawaida uko wazi: sampuli ikiwa kwa friji ya mwingine, kuirudisha ni barua na mawakili. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka taarifa za jenetiki kwenye kundi la data nyeti, kwa hivyo mtu akikutoa damu ya utafiti, una haki ya kuuliza itasomewa wapi na itawekwa wapi. Uliza kabla hujakunja mkono wa shati.

Kuna wale watasema basi kila kaunti inunue mashine. Hapana. Kuna njia ya kati, na pia mtu wa Nairobi anaijua: mathree kwa barabara kubwa, boda kwa vichochoro. Boda ya DNA inaitwa MinION, ya kampuni ya Oxford Nanopore. Inaingia mfukoni, inachomekwa kwa laptopu, na kifurushi cha kuanzia kilianza kuuzwa kwa kama dola 1,000. Haibebi mzigo kama ile kubwa, lakini inafika.

Mwaka wa 2018 wanasayansi wa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja na Laura Boykin walibeba hiyo MinION hadi mashambani kwa wakulima wa mihogo, kwenye maeneo yaliyoliwa na batobato na michirizi ya kahawia. Waliweka meza chini ya mti, betri pembeni, wakachuna jani, wakasoma DNA papo hapo. Mkulima akaambiwa siku hiyo hiyo shamba lake lina kirusi gani, na ni mbegu aina gani apande msimu unaofuata. Hakuna York. Kazi wakaiita Tree Lab. Lakini kumbuka, kemikali za kusomea DNA karibu zote hutoka nje.